Tunaposema Mtume (S.A.W.) Alichagua Lililo Jepesi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Mwaka wa masomo ukianza na fomu za kuchagua masomo zikigawiwa, kuna hadithi moja inayosikika vyumbani mwetu kuliko hadithi nyingine zote. Ni ile ya Bibi Aisha (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupewa hiari baina ya mambo mawili ila alichukua lile lililo jepesi zaidi. Anayeitaja kwa kawaida ana kalamu mkononi. Mbele yake kuna vipindi vya Kiarabu, na nahau yake na sarufi yake na mwalimu asiyecheka. Pembeni kuna somo jingine ambalo waliomtangulia wamemwambia kwamba ukilipitia daftari usiku mmoja unapata 14 juu ya 20. Anasema, "Sunna ni wepesi," anatia tiki kwenye lile jepesi, na mjadala umekwisha. Wadogo zetu walioko post-fondamental nao wameshaipata hoja hii. Wanatupigia simu kutuuliza wachague nini, lakini jibu wanalo tayari na hadithi wanayo. Wanachotaka kwetu ni muhuri tu.

Hadithi yenyewe ni sahihi, na kwa sababu ni sahihi haifai kukatwa nusu. Baada ya neno "jepesi" kuna sharti: maadamu si dhambi, na kama ni dhambi basi Mtume (S.A.W.) alikuwa mbali nalo kuliko watu wote. Kisha Bibi Aisha anaongeza kwamba hakuwa akilipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake. Ukiisoma yote unaona inamzungumzia mtu aliyewapunguzia watu mizigo, aliyesamehe, aliyekataa kuifanya dini kuwa adhabu. Na ni Bibi Aisha huyo huyo aliyetupokelea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisimama usiku katika sala mpaka miguu yake ikaathirika. Bibi Aisha hakujipinga. Aliishi naye nyumba moja, akayaona yote mawili, akayasimulia yote mawili. Sisi ndio tuliochukua moja tukaliacha la pili.

Mimi naielewa hivi, na mwenye elimu zaidi anirekebishe. Wepesi huchaguliwa baina ya njia mbili zinazofika mahali pamoja. Ukitoka Buyenzi kwenda kampasi ya Mutanga, unaweza kupanda kilima kwa miguu au kupanda basi. Mafuta yakipatikana mjini, na siku hizo tunazijua ni chache, basi panda basi. Hakuna thawabu ya kujichosha bure. Lakini kama basi lililo tupu, lenye viti vizuri na lisilo na foleni linakwenda Gatumba, uzuri wa kiti hautakusaidia kitu. Utakaa vizuri, na utashuka karibu na mpaka wa Kongo huku mwalimu anaita majina Mutanga. Angalia hijra. Madina iko kaskazini ya Makka, na Mtume (S.A.W.) pamoja na Abu Bakr (R.A.) walianza kwa kwenda kusini, wakapanda mlima Thawr, wakakaa pangoni siku tatu. Njia nyepesi ilikuwepo, tena inajulikana na kila msafiri. Haikuwa inafika, kwa sababu Makureshi walikuwa wanaisubiri.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya fomu si "lipi jepesi?" Swali ni "naenda wapi?" Na hapa lugha yetu wenyewe inatusaidia. Tunasema somo la hiari. Neno hiari tumelitoa katika Kiarabu, katika mzizi wa herufi tatu, kha, ya, ra, na mzizi huo ndio uliotupa neno kheri. Ndani ya neno hiari kumekaa kheri. Anayehiari anatafuta kilicho bora. Tazama pia neno tunalolipigania mwisho wa kila muhula: alama. Linatoka kwenye ayn, lam, mim, mzizi ule ule wa elimu na mwalimu. Alama ni ishara kwamba elimu imepita hapo, kama unyayo unavyoonyesha kwamba mtu amepita. Mwanafunzi anayekusanya alama pasipo elimu anakusanya nyayo za mtu ambaye hajapita.

Najua atakayesema: hayo ni maneno mazuri, lakini baba yangu anaangalia karatasi ya matokeo, haangalii mizizi ya maneno. Nitarudi kwa baba. Kwanza tuhesabu kidogo.

Sala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina Al-Fatiha. Hiyo ni zaidi ya mara 6,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa miaka 20 aliyeanza kusali akiwa na miaka 10 ameshaisoma zaidi ya mara 60,000, bila kuhesabu sunna. Sura yenyewe ina aya 7 na maneno yasiyofika 30. Ni maneno machache sana duniani aliyoyatamka kwa mpangilio huo mara nyingi kiasi hicho. Sasa muulize neno moja la katikati lina maana gani. Wengi wetu tulitoka madrasa tukiwa tumeijua alifu, bee, tee, tukakhitimu, tukachinjiwa kuku nyumbani, na hakuna aliyetuuliza maana. Siwalaumu walimu wetu wa madrasa. Walitupa kusoma, na kusoma ni nusu kubwa. Nusu iliyobaki ndiyo iko kwenye ile fomu.

Na nusu hiyo si ngeni kama inavyotishwa. Wewe uliyekulia Buyenzi, Bwiza, Rumonge au Nyanza-Lac, unayeongea Kiswahili tangu utotoni, ipitie Al-Fatiha polepole. Rahman na Rahim, una rehema. Alamin, una ulimwengu. Maliki, una milki na mamlaka. Na'budu, una ibada. Nasta'in, una auni. Ihdina, una hidaya. An'amta, una neema. Ghayr, una ghairi. Maghdub, una ghadhabu. Hamd unaitamka kila ukiulizwa hujambo. Karibu nusu ya sura iko mdomoni mwako kabla hujaingia darasani. Mwanafunzi wa Ufaransa anayeanza Kiarabu hana hata robo ya mtaji huo.

Lakini usisimame hapo ukadhani umefika, maana hapo hapo pana shimo. Neno dini. Ndani ya Al-Fatiha tunasema Mwenyezi Mungu ni mmiliki wa siku ya "din". Anayetegemea Kiswahili peke yake ataelewa "siku ya dini", na hiyo haina maana. Hapa neno lina maana ya malipo na hukumu, siku ambayo kila mtu atalipwa alichotenda. Katika Surat Yusuf, aya ya 76, neno hilo hilo linatajwa pamoja na mfalme wa Misri, na linamaanisha sheria yake. Neno moja, na maana tatu: dini, malipo, sheria. Kiswahili kimechukua moja kikaziacha mbili. Atakayekuonyesha hizo mbili ni mwalimu asiyecheka.

Walio na Kirundi peke yake nyumbani nao wasikate tamaa. Mtu anayetoa gukora, gukorera, gukoresha, gukorana na gukorwa kutoka shina moja, bila hata kufikiri, ndiye huyo anayesema vitenzi vya Kiarabu vinamshinda? Alima ni kujua, allama ni kufundisha, ta'allama ni kujifunza. Ni kazi ile ile ya kulichukua shina na kulivika. Namna ya kulivika ni tofauti, lakini akili inayohitajika umenyonya nayo maziwa. Tena Kirundi kina ngeli nyingi kuliko vidole vya mikono miwili. Kiarabu kinakuuliza tu kama kitu ni cha kiume au cha kike.

Ugumu upo, sikatai. Upo kwenye irabu za mwisho wa maneno, kwenye wingi usiofuata kanuni, kwenye herufi za kooni zinazotufanya tukohoe. Ugumu huo umewapata wakubwa kuliko sisi. Inasimuliwa kwamba Sibawayhi, Mwajemi aliyekwenda Basra kutafuta hadithi na fiqhi, alikuwa kwenye darasa la Hammad bin Salama akadhani amesikia kosa, akaibadilisha irabu ya neno moja. Akaambiwa mbele ya watu kwamba aliyekosea ni yeye. Akaapa kutafuta elimu ambayo baada yake hakuna atakayemwambia amekosea. Akamwendea al-Khalil bin Ahmad, na kitabu alichokiacha katika sarufi ya Kiarabu watu wakakiita "Kitabu" tu, kana kwamba hakuna kingine. Mwajemi huyo! Na Imam Shafi'i, aliye Mkureshi kwa nasaba, alikwenda kuishi jangwani na kabila la Hudhayl ili aipate lugha yao. Wasomi wetu wa Afrika Mashariki hawakuwa tofauti. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alitupatia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyokamilika mwaka 1969. Kila tunaposema "mimi nasoma tafsiri inanitosha", tunasema kwamba inatutosha kazi ya mtu ambaye yeye hakutosheka nayo.

Kuna jambo katika Surat al-Layl ambalo kila nikilirudia linanitisha. Allah (S.W.) anamtaja anayetoa, akamcha, akasadiki lililo jema, na anasema atamrahisishia kuifikia "yusra", yaani wepesi. Kisha anamtaja aliyefanya ubahili, akajiona hahitaji kitu, akalikadhibisha lililo jema. Tungetegemea aambiwe atawekewa ugumu njiani. Sivyo. Kitenzi ni kile kile: atarahisishiwa, lakini anarahisishiwa kuufikia "usra", ugumu. Yaani kuna mtelemko unaokushusha bila jasho mpaka chini kwenye shida. Unateleza tu, kila kitu kinakwenda, na wepesi wenyewe ndio mtego. Aya hizo zinasema mambo makubwa kuliko ratiba ya masomo, na sitaki kumtisha mtu kwa moto kwa sababu ya somo la hiari. Ninachochukua ni tahadhari moja tu, kwamba kitu kuwa chepesi si dalili kuwa kina radhi ya Allah.

Qur'ani yenyewe inasema mara nne katika Surat al-Qamar kwamba imerahisishwa kwa ajili ya kukumbuka, na kila mara inauliza kama yupo mwenye kukumbuka. Kwa hiyo imerahisishwa kwa anayeijia. Na hadithi nyingine ya Bibi Aisha, nayo iko kwa Bukhari na Muslim, inasema kwamba msomaji hodari wa Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwama huku inamuwia nzito ana ujira mara mbili. Kwenye karatasi ya mtihani kukwama kunakupunguzia alama. Kwingine kunaandikwa vinginevyo.

Nisije nikaeleweka kwamba lugha ngumu yenye kheri ni Kiarabu tu. Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa kijana mdogo Madina wakati Mtume (S.A.W.) alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwa na uhakika na barua alizosomewa na wengine. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Zayd anasema aliyapata katika nusu ya mwezi, akawa yeye ndiye anayeandika na kusoma barua hizo. Siku kumi na tano! Hakuambiwa atapata cheo. Aliambiwa umma una haja hii, akaifanya. Miaka ikapita, Mtume (S.A.W.) akafariki, na Abu Bakr (R.A.) alipotaka Qur'ani ikusanywe, alimwita kijana huyo huyo. Zayd mwenyewe alisema kuhamisha mlima kusingekuwa kuzito zaidi kwake kuliko kazi ile. Sisi Warundi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kiingereza ni lugha rasmi hapa kwetu tangu 2014 pamoja na Kirundi na Kifaransa. Anayekikimbia Kiingereza kwa sababu ya alama, halafu analalamika kwamba kazi za jumuiya zinachukuliwa na wenzake kutoka Nairobi na Kampala, naye ajiulize kuhusu haja ya umma.

Lakini Kiarabu kina haja ya namna yake. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tunaambiwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Watu wetu wengi wako Muyinga, Ngozi, Gitega, na lugha yao ni Kirundi. Bibi yangu na bibi yako wanasali. Nani atakaa nao uani awaeleze maana ya at-tahiyyatu kwa Kirundi safi, moja kwa moja kutoka Kiarabu, bila kupitia Kiswahili ambacho wao wanakisikia nusunusu? Mtu huyo lazima apite darasani. Na darasa hilo kila mwaka linafunguliwa likiwa na wanafunzi wachache.

Sasa haki ya upande wa pili. Si kila Muislamu awe Sibawayhi. Surat at-Tawba, aya ya 122, inasema wazi kwamba haifai waumini watoke wote, bali katika kila kundi watoke baadhi wakajifunze dini. Imam Shafi'i katika ar-Risala anaweka kiwango cha kila mtu: Muislamu ajifunze Kiarabu kwa kadiri ya juhudi yake, mpaka aweze kutamka shahada, kusoma Kitabu na kusema dhikri zilizo wajibu juu yake. Zaidi ya hapo ni kheri kwake. Kwa hiyo dada anayesoma udaktari kule Kamenge, anayelala saa nne kwa usiku na anaogopa kurudia mwaka, akichagua jepesi ili apate nguvu kwa lile zito, amechagua vizuri. Basi lake linafika. Mwenye wadogo zake wanaomtegemea kwa chakula, anayeuza vocha za simu jioni, simwambii neno. Hao wanaweza kupata kiwango cha Imam Shafi'i darasani msikitini, Jumamosi, bila mtihani. Na wapo wanaochukua Kiarabu ili waitwe sheikh. Hao pia ningewashauri waende kwenye lile jepesi. Abu Jahl alikijua Kiarabu kuliko walimu wetu wote.

Ninayemzungumzia ni yule mwenye nafasi, mwenye afya, mwenye jioni tatu kwa wiki anazozimaliza kwenye simu, ambaye anasema Kiarabu kigumu na Mtume (S.A.W.) alichagua jepesi.

Na baba? Mzee analipa karo, ana haki ya kuuliza. Usimjibu kwa hadithi, maana atakujibu kwa nyingine. Mwambie ukweli: baba, somo hili huenda nikapata 11 badala ya 15, na nitafidia kwenye masomo mengine, na nataka kuelewa ninachokisema ninapokusomea Yasin. Wazee wetu wengi hawajawahi kuulizwa jambo hili kwa adabu; wameletewa matokeo tu. Akikataa kabisa, mtii, na hiyo nayo ni ibada. Msikiti una mwalimu, na mtume wake ni yule yule.

Kabla ya kuijaza fomu, lipo jambo tulilofundishwa. Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Istikhara ni mzizi ule ule tena, kha, ya, ra: kuomba kuchaguliwa kheri. Tunaisali kwa ndoa. Tunaisali kwa safari ya Dubai. Sijasikia aliyeisali kwa somo la hiari, na hali neno lenyewe liko kwenye jina la somo. Ni rakaa mbili na dua, dakika kumi hazifiki. Muulize pia aliyemaliza somo hilo na aliyeliacha katikati, kisha amua, maana mwisho wa kurudisha fomu ni karibu.

Kama utachagua Kiarabu, njoo na daftari la mistari mipana, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache nyumbani kwa wiki za mwanzo, mpaka ayn itulie mahali pake.

Wabillahi taufiq.